Kuingia Chama cha Kina Dada Mwaka wa Nne

Ukitoka mjini Busia, Kenya, kuelekea Malaba, kabla hujafika mbali unakutana na Chuo Kikuu cha Alupe. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi hadi kilipopewa hati yake mwaka 2022, na kabla ya hapo wengi walilijua jina la Alupe kwa hospitali yake ya ukoma. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Busia ya Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa mwaka 2007. Wasichana wa vyuo hivi viwili wanasomea digrii zao katikati ya wanawake wanaoishi kwa biashara ya mpakani, na wanawake hao hawaendi popote bila chama. Wanachuo nao wana vyama vyao vya kina dada: mchango wa kila wiki, mfuko wa msiba, harambee ndogo mwenzao anapokwama karo.

Mjadala ninaouleta unamhusu yule aliyekaa nje ya vyama hivyo miaka mitatu, kisha mwaka wa nne anabisha hodi. Apokewe? Akipokewa, kwa masharti gani? Nimeuweka katika sauti tatu. Wenye sauti nimewabuni. Hoja wanazobeba ni za pande hizi, na mimi nina upande wangu ambao sitauficha.

MWANACHUO: Nilipoingia mwaka wa kwanza sikutaka chama. Nyumbani tulikuwa sita, mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, na pesa za HELB, mkopo wa serikali wa elimu ya juu, zikiingia nilikuwa nazigawa na wadogo zangu. Mia moja kila wiki ilikuwa chakula changu cha siku. Nikajiambia nitasoma, nitamaliza, nitaondoka. Mwaka wa tatu nikatumwa mazoezi ya kufundisha mahali nisikojua mtu. Nikaugua malaria, nikalala chumbani siku tatu simu ikiwa na chaji na sina wa kumpigia. Mama wa watu ningemwambia nini, na yuko mbali hivyo? Niliporudi nikaona wenzangu walivyokodi matatu wakaenda kumzika baba wa mmoja wao, wakapika, wakaosha vyombo, wakarudi usiku. Nikajua nilichokosa. Sasa naomba kuingia, naulizwa: miaka hiyo yote ulikuwa wapi?

MWEKA HAZINA: Na ni swali la haki, dada. Usilichukue kama chuki. Sisi tulianza mwaka wa kwanza tukiwa hatujuani. Tukaandika katiba yetu kwenye daftari la kurasa tisini na sita. Tukaenda ofisi ya maendeleo ya jamii kujiandikisha, wakaturudisha kwa sababu majina hayakulingana na vitambulisho. Muhula wa pili mmoja wetu akatoweka na mkopo, deni tukaligawana. Wakati huo hukumwona mtu akipanga foleni kuingia. Leo tuna viti vya kukodisha, tuna hema, tuna akaunti, na kila wiki anakuja mtu wa mwaka wa nne kutuambia amegundua umuhimu wa udada.

MWANACHUO: Lakini sikuwacheka mlipokuwa mnahangaika.

MWEKA HAZINA: Hukutucheka, hukutusaidia pia. Na nikueleze hofu yangu yenyewe, si ya viti. Hofu yangu ni mkopo wa mwisho. Mwaka wa nne, muhula wa pili, mtu ana baki la karo na bila kulimaliza jina lake haliingii kwenye orodha ya kuhitimu. Anakopa kwenye chama, anamaliza karo, anavaa joho, anapiga picha, anabadilisha laini ya simu. Waliomdhamini wanabaki nyuma, wanakatwa akiba yao. Anayeingia mwaka wa kwanza nina miaka ya kumfahamu kabla hajafika hapo. Wewe unaingia leo na miezi minane mbele yako. Nitakufahamu lini?

SHANGAZI: Mwanangu, hapo mwenzio hajakosea. Usimjibu kwa machozi. Mimi nauza omena na mahindi Malaba tangu hujazaliwa, na chama kilichonisomeshea watoto hakijaniuliza hata siku moja kama nina huzuni. Kimeniuliza kama nimelipa.

MWANACHUO: Sasa Shangazi uko upande gani?

SHANGAZI: Niko upande wa hesabu. Ngoja nikuonyeshe sanduku letu lilivyo. Ni la chuma, lina makufuli matatu, na funguo wanakaa nazo wanawake watatu tofauti. Mwenyekiti hana ufunguo, mweka hazina hana ufunguo, na nyumba linakolala sanduku haina ufunguo. Jumapili mchana tukikutana, kabla halijafunguliwa tunakubaliana shilingi ya Uganda leo tunaihesabu kwa ngapi, kwa sababu wenzetu wa ng'ambo wanakuja na zao, na tusipokubaliana mapema tutagombana mbele ya pesa. Kila mtu ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, zinagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Mkopo hauzidi mara tatu ya ulichoweka. Umesikia hapo? Mara tatu ya ulichoweka. Mgeni aliyeweka kidogo anakopa kidogo. Huo mkopo wa mwisho unaomtisha mwenzio kwetu hauwezi kuwa mkubwa kuliko historia ya mtu.

MWEKA HAZINA: Sisi tunakopesha kwa shida ya mtu, si kwa hisa.

SHANGAZI: Ndiyo maana mnalia. Lakini kuna jingine kubwa zaidi. Desemba tunavunja. Sanduku linamwagwa mezani, mikopo yote imerudi, faida inagawanywa kwa hisa, kila mtu anaondoka na chake, sanduku linabaki tupu. Januari tunaanza upya. Mwanamke mpya anaingia Januari, ananunua hisa siku moja na mimi mwenye miaka mingi. Hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi, kwa sababu hakuna shilingi yangu ya zamani anayoikalia.

Hapa naomba niingilie, maana Shangazi amegusa kitu ambacho vyama vingi vya wanachuo havijakifikiria. Utaratibu anaousimulia una asili yake. Mwaka 1991 shirika la CARE liliuanzisha pamoja na wanawake wa vijijini huko Niger, chini ya jina Mata Masu Dubara, kisha ukasambaa Afrika nzima. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA huko Tanzania ni ndugu zake wa karibu. Kiini chake ni mzunguko mfupi, wa mwaka mmoja au pungufu, unaoisha kwa kugawana. Katika upatu wa kawaida, ule wa kupokezana, anayeingia katikati anavuruga foleni: ama awekwe mwisho, ama asubiri mzunguko uishe. Katika mfuko unaolimbikizwa bila kugawanywa, mgeni lazima alipe pesa za kuwafikia wenzake, na kadiri chama kinavyozeeka ndivyo kiingilio kinavyopanda hadi kumfungia nje mtoto wa maskini. Katika mzunguko wa mwaka, tatizo hilo halizaliwi. Ukichelewa, umechelewa kwa miezi, na Januari inakusubiri.

Mwaka wa masomo wa chuo nao ni mzunguko. Una mwanzo, una mwisho, una likizo ya kuhesabiana. Sioni sababu chama cha wanachuo kijenge mfuko wa miaka minne kisha kimlaumu wa mwaka wa nne kwa kukosa michango ya miaka mitatu.

MWEKA HAZINA: Na viti? Na hema? Hivyo havigawanyiki Desemba. Tulivinunua kwa jasho, na kila wikendi vinaingiza pesa ya kukodisha.

SHANGAZI: Hivyo ni mali, mwanangu, na mali ina daftari lake. Kwetu tuna mifuko mitatu. Pesa za hisa ni za mwaka huu. Mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa, na huo mgeni anaingia nao siku ya kwanza, kwa sababu kifo hakingoji mtu atimize miezi sita. Mali ni ya walioinunua hadi mgeni alipe sehemu yake. Asipotaka kulipa, asile faida ya viti. Rahisi hivyo. Mmechanganya mifuko, sasa mnaona kila anayekuja anakuja kuiba.

MWANACHUO: Mimi viti sivitaki. Nataka watu. Na nimesoma jambo linalonipa moyo. Kamala Harris, yule aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alijiunga na chama chake cha kina dada mwaka 1986 pale Chuo Kikuu cha Howard, na mwaka huohuo ndio aliohitimu. Alpha Kappa Alpha kinaitwa, AKA kwa kifupi, chama cha Wamarekani weusi. Aliingia mwisho mwisho kama mimi. Alipogombea mwaka 2020, dada wa chama hicho walikuwa wakimchangia dola 19 na senti 8, kwa sababu chama kilianzishwa mwaka 1908. Miaka thelathini na minne baadaye! Kwa hiyo mtu anaweza kuingia mwaka wa mwisho na bado akawa dada wa kweli.

MWEKA HAZINA: Umesema mwenyewe, mwaka 1908. Alipoingia kilikuwa na miaka 78, na kilikuwa na matawi ya waliohitimu kila mji mkubwa. Akitoka chuoni, tawi la watu wazima lilikuwepo la kumpokea. Sisi chama chetu kinaishia getini. Siku ya kuhitimu ndiyo siku ya matanga yake. Mmoja anarudi Bungoma, mwingine Nairobi, mwingine amepata kazi Saudia. Ukiingia mwaka wa nne unaingia kwenye kitu kinachokufa, na unatulazimisha tukutambulishe kwa maiti.

MWANACHUO: Unasema kama vile hakuna linaloweza kubadilika.

MWEKA HAZINA: Nasema nilichokiona. Waliotutangulia walikuwa na chama, kikundi cha WhatsApp bado kipo, na kinachoandikwa humo ni heri ya Krismasi tu.

Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa jambo ulipo, na nadhani Mweka Hazina amelitaja bila kulipa nafasi yake. Vile vyama vya Wamarekani weusi havikujengwa kwa ajili ya miaka minne. Kwao chuo ni mlango wa kuingilia tu, na kwa mlango huo mwanamke wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa nne ni wamoja, kwa sababu wote wana miaka hamsini mbele yao. Tena si chuoni peke yake wanakoingilia: matawi ya waliohitimu hupokea pia wanawake waliokwisha kumaliza masomo. Mwaka 1913 wasichana 22 wa Howard walijitoa AKA wakaanzisha Delta Sigma Theta, wakitaka chama kiingie zaidi katika mambo ya umma, na Machi ya mwaka huohuo wakaandamana Washington kudai kura ya wanawake. Hawakuuliza nani amebakiza muhula mmoja. Kazi waliyokuwa wakiitafuta haikuwa ya chuo.

Basi anayeambiwa amechelewa, aulize kwanza: nimechelewa kwa lipi? Kama chama ni cha kuchangiana chakula cha mtihani, kweli amechelewa, na afadhali akae. Kama ni cha maisha, miaka mitatu aliyokosa ni midogo sana. Lawama yangu haimwendei msichana anayebisha hodi mwaka wa nne. Inaviendea vyama vinavyojipangia kufa siku ya joho.

SHANGAZI: Mwandishi, usiwalaumu sana watoto. Na sisi tuna kosa. Alupe na Malaba ni safari ya teksi moja ya Probox, lakini sijamwona hata mmoja wao katika mkutano wetu, na sikumwita. Mwaka 2020, corona ilipoingia, mpaka ukafungwa kwa watu, malori ya mizigo tu ndiyo yanapita. Sisi wa debe moja na magunia mawili tukabaki tunatazama. Walionusurika ni waliokuwa na chama, waliounganisha mizigo yao ikapita na lori moja. Unajua nini kilitushinda? Karatasi. Nani ataandika orodha, nani atajaza fomu, nani atampigia simu mnunuzi wa upande wa pili na kutunza risiti. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa kipo, mzigo usiozidi dola 2,000 uliotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unapita bila ushuru wa forodha. Lakini kuna mama zetu mpaka leo wanapita njia za panya na mayai kichwani kwa sababu wanaogopa ile ofisi kubwa ya mpakani pale Busia iliyofunguliwa 2018 na marais wawili. Wanadhani ni ya wenye malori. Msichana wa mwaka wa nne anayejua hesabu na kujaza fomu, kwetu hajachelewa. Amefika siku tuliyomhitaji.

MWEKA HAZINA: Mama, kwa heshima zote, naomba niseme hili. Msichana akija kwenu atafanywa karani. Ataandika, atatumwa maji, atapika chai, na siku ya kuamua mkopo ataambiwa watoto watoke nje wakubwa wazungumze. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mama wa chama. Nimeandika vitabu vyao tangu darasa la saba na sijawahi kuulizwa naonaje.

SHANGAZI: (kimya kidogo) Hilo ni kweli.

MWEKA HAZINA: Sasa afadhali achelewe kwetu, ambako atakuwa na sauti, kuliko awahi kwenu awe mtumishi.

SHANGAZI: Hilo ni kweli, mwanangu, na litabadilika siku atakaponunua hisa. Asije kama mtoto wa fulani, aje na kitabu chake. Kitabu kikigongwa muhuri, mimi siwezi kumtoa nje. Katiba inanifunga. Akija bila hisa, nitamtuma maji, sitakudanganya.

MWANACHUO: Kwa hiyo nilipe huku na huku? Shangazi, nina pesa gani mimi?

SHANGAZI: Hisa moja. Moja tu kwa wiki. Si lazima tano.

Nilitarajia Mwanachuo afurahie neno hilo, lakini wasiwasi wake hauondoki kwa hisa moja, na ana haki. Umaskini ndio uliomweka nje mwaka wa kwanza, na mara nyingi ndio unaowaweka wengi nje. Tunapomuuliza mtu wa mwaka wa nne alikuwa wapi, tukumbuke kwamba mara nyingi alikuwa kwenye kibarua, au akilea mdogo wake, au akitumia mkopo wake wa HELB kuwalisha watu wa nyumbani. Kuna waliokaa nje kwa kiburi, wapo. Lakini katiba inayodhani kila aliyechelewa ni mwenye kiburi itawaacha nje hasa wale ambao chama kiliandikwa kwa ajili yao.

MWEKA HAZINA: Sawa. Tuseme tunakubali. Sheria ya usajili wa vikundi ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Sisi tuko kumi na mmoja, na wote tunahitimu pamoja. Sina budi kutafuta watu wa miaka ya chini, ama jina lifutike. Huyu wa mwaka wa nne haniongezei hata mwaka mmoja wa uhai.

MWANACHUO: Nitakuongezea. Mdogo wangu anaingia mwaka wa kwanza Septemba, na chumbani kwetu kuna wawili wa mwaka wa pili ambao hawajawahi kuulizwa. Ninyi mlialikana mlipokuwa mwaka wa kwanza, mkafunga mlango. Nani wa mwaka wa pili amewahi kuona mkutano wenu? Nipokeeni, nami nilipe kwa kazi nisichoweza kulipa kwa pesa. Nitawatafutia watu. Nitabeba daftari hadi Malaba, nijifunze hayo ya mifuko mitatu, nirudi niwafundishe. Na msiba ukitokea, nitakuwa wa kwanza kwenye matatu.

MWEKA HAZINA: Kazi hiyo tutaiandika kwenye kumbukumbu, na tarehe. Isiwe ya mdomo.

MWANACHUO: Iandikwe.

MWEKA HAZINA: Na mfuko wa jamii unaingia leo. Hisa unaanza nazo muhula ukifunguliwa. Viti huna.

MWANACHUO: Viti sina. Na mkopo?

MWEKA HAZINA: Mara tatu ya ulichoweka, kama wa Malaba. Muhula wa mwisho hakuna mkopo kwa mwaka wa nne yeyote, mimi nikiwemo, hadi deni la zamani liishe.

SHANGAZI: Hapo umesema kama mwanamke mzima.

MWEKA HAZINA: Bado kuna moja ambalo sijakubali. Kudhamini. Huyu hawezi kumdhamini mtu mwaka huu. Akiondoka, dhamana yake itakuwa hewa.

SHANGAZI: Mwanamke asiyeruhusiwa kumdhamini mwenzake si mwanachama, ni mteja. Kama anaweza kudaiwa, anaweza kudhamini. Aweke hisa zake rehani, hata awe Nairobi.

MWEKA HAZINA: Hisa zake ni ngapi, Mama? Mbili? Tatu?

SHANGAZI: Basi adhamini kwa tatu.

MWEKA HAZINA: Hilo nitalipeleka mkutanoni Jumapili. Mimi nitapiga kura ya kulipinga.

MWANACHUO: Na mimi nitakuwepo?

MWEKA HAZINA: Utakuwepo. Saa nane kamili, na anayechelewa mkutano anatozwa faini ya shilingi hamsini, awe wa mwaka wa kwanza au wa nne.